Ndege wa Manyoya na Ndege wa Chuma

Katika Kiswahili neno "ndege" lina maana mbili. Laweza kuwa kiumbe chenye manyoya na mabawa, na laweza kuwa chombo cha chuma kinachochukua watu angani. Wazee waliokiona chombo hicho mara ya kwanza hawakukosea kukipa jina hilo, maana vyote viwili hupita katika hewa ile ile. Jambo wasilolifikiri ni kwamba iko siku wenye jina moja watagombania njia moja, na kwamba katika ugomvi huo wote wawili huweza kuangamia. Ili maana hizo zisichanganyike, katika habari hii chombo kitaitwa eropleni, na neno ndege litabaki kwa viumbe wenye manyoya.

Mtu akisimama Majengo, katika mtaa wa Pumwani mjini Nairobi, yapata saa nne asubuhi jua linapoanza kuwa kali, ataona jambo hili kwa macho yake. Juu ya mabati mwewe wanazunguka, wakingojea matumbo ya samaki au kipande cha nyama kitakachotupwa huko Gikomba. Juu zaidi yao wako marabu, wale korongo wakubwa wenye kichwa cha upara na mfuko unaoning'inia shingoni. Hao hupanda polepole bila kupiga bawa, wakichukuliwa na hewa ya moto inayoinuka kutoka ardhini. Na katika anga hiyo hiyo hupita eropleni za Jeshi la Anga kutoka kiwanja cha Eastleigh, ambacho ni jirani wa Majengo.

Ujirani huo ni wa siku nyingi. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, watu wakapewa viwanja wajijengee nyumba zao wenyewe, na kwa sababu hiyo pakaitwa Majengo. Kiwanja cha Eastleigh ndicho kilichokuwa mlango wa Nairobi kwa wasafiri wa angani. Ni hapo aliposhukia Binti Mfalme Elizabeth tarehe 1 Februari 1952, siku chache kabla ya kuwa Malkia. Mwaka wa 1958 kilifunguliwa kiwanja kipya cha Embakasi, ambacho leo huitwa Jomo Kenyatta, na eropleni kubwa za abiria zikahamia huko. Eastleigh ikabaki kwa askari, na baada ya Uhuru ikawa ya Jeshi la Anga la Kenya. Upande mwingine wa mji kiko kiwanja cha Wilson, kinachotumiwa na eropleni ndogo nyingi. Basi Nairobi ni mji wenye viwanja vitatu vya eropleni, na wenye ndege wasiohesabika.

UZITO WA KILO MOJA

Msomaji aweza kuuliza: ndege mdogo atawezaje kudhuru chombo kikubwa kama kile? Jibu liko katika mwendo. Mtoto akirushiwa embe kwa mkono hulidaka akacheka, lakini embe lile lile likimpiga kutoka kwenye gari liendalo mbio laweza kumvunja mfupa. Nguvu ya pigo haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukizidi mara 2, nguvu huzidi mara 4. Mwendo ukizidi mara 3, nguvu huzidi mara 9.

Eropleni ya abiria inapoinuka huwa inakwenda yapata kilometa 280 kwa saa. Ikimgonga ndege mwenye uzito wa kilo 1, pigo lake ni sawa na magunia 3 na zaidi ya mahindi yaliyofungwa pamoja na kuangushwa kutoka kimo cha mita 1. Ndege akiwa marabu wa kilo 6, hesabu yapata kuwa magunia 20. Pigo hilo lote huangukia mahali pasipozidi upana wa sinia. Likiangukia kioo cha rubani, kioo chaweza kupasuka. Likiangukia injini, hatari ni kubwa zaidi, kwa maana injini ya kisasa huvuta hewa kwa mapanga mengi yanayozunguka kwa kasi sana. Panga moja likivunjika, vipande vyake huvunja mengine, na injini huweza kuzimika au kushika moto.

Mafundi wanaotengeneza injini wanalijua jambo hili, nao hujaribu kila namna ya injini kabla haijaruhusiwa kupakia watu. Hutumia mzinga wa hewa unaorusha ndege waliokufa katika injini inayozunguka. Kwa injini zilizo kubwa kabisa, sheria hutaka injini imeze ndege mmoja wa kilo 3.65 bila kuwaka moto wala kurusha vipande nje ya kifuniko chake. Haitaki iendelee kufanya kazi, ila isilete maafa tu. Sasa marabu aliyekua vizuri huweza kufika kilo 9, na mabawa yake yakikunjuliwa hupita mita 2 na nusu. Ni wazi basi kwamba ufundi wa chuma peke yake hautoshi, na kwamba marabu wa Nairobi ni mkubwa kuliko ndege waliopimwa na mafundi.

MISIBA ILIYOTOKEA

Tarehe 4 Oktoba 1960 eropleni ya abiria iliinuka kutoka Boston, Marekani, ikaingia katika kundi la ndege wadogo wanaofanana na kwezi. Injini zake zikapoteza nguvu, ikaanguka baharini, na katika watu 72 waliokuwamo walikufa 62. Mwanamke mmoja mtaalamu wa makumbusho, Roxie Laybourne, aliyachunguza mabaki ya manyoya yaliyopatikana katika injini, akaweza kutaja ni ndege wa namna gani. Kutokana na kazi yake ikazaliwa elimu mpya ya kutambua ndege kwa kipande cha unyoya.

Msiba wa pili ulitokea karibu zaidi na Kenya. Tarehe 15 Septemba 1988 eropleni ya Ethiopia, Boeing 737, ilikuwa ikiinuka kutoka mji wa Bahir Dar, kando ya Ziwa Tana. Kundi la njiwa likavutwa na injini zake zote mbili. Rubani alijaribu kuirudisha, injini zikafa, eropleni ikatua kwa tumbo na kuwaka moto. Watu 35 kati ya 104 walipoteza maisha. Njiwa hao, wenye madoadoa meupe mabawani, hawafiki hata nusu kilo mmoja mmoja, na jamaa zao hutua kila siku juu ya mapaa ya Nairobi.

Si kila ajali iliyokwisha kwa kilio. Tarehe 15 Januari 2009 mabata bukini waliziharibu injini mbili za eropleni iliyokuwa imetoka New York punde tu. Rubani Chesley Sullenberger aliituliza juu ya mto Hudson, na watu wote 155 wakaokoka. Lakini mji usitegemee kuwa kila siku utapata rubani wa namna hiyo, na mto mpana wa kutulia.

Katika Kenya pia jambo hili si geni. Mwaka wa 2004 wataalamu wa nchi hii walitangaza uchunguzi wao juu ya ndege waliogongana na eropleni za Kenya Airways katika viwanja vitatu vya Kenya tangu 1991 hata 2001. Hesabu za Marekani nazo zaonyesha kwamba kwa eropleni za abiria, zaidi ya mapigo 9 katika kila 10 hutokea chini ya futi 3,500 juu ya ardhi. Yaani hatari haiko mbali mawinguni. Iko karibu na kiwanja, juu ya nyumba za watu.

VYOMBO VYA KISASA

Binadamu hakukaa kimya. Dawa ya kwanza aliyoitumia ni kelele. Viwanja vingi vina mizinga midogo ya gesi inayolipuka kila baada ya muda, na vipaza sauti vinavyotoa mlio wa ndege aliyekamatwa na adui, ili wenzake wakisikia wakimbie. Viwanja vingine hutumia kipanga aliyefunzwa, na huko Uholanzi mafundi wameunda kipanga wa bandia anayepiga mabawa kama wa kweli, akiongozwa na mtu aliye chini. Iko pia mianga mikali ya leza inayomulikwa alfajiri ili kuwaondoa ndege walioketi.

Dawa ya pili ni mwangalizi asiyesinzia, naye ni rada. Mkulima anayeita bondeni na kusikia mwangwi wa sauti yake anaijua kanuni ya rada, isipokuwa rada haitumii sauti bali mawimbi kama yale ya redio. Mawimbi hutoka, hugonga kitu, hurudi, na kwa muda yaliotumia chombo hujua kitu kile kiko umbali gani. Wakati wa Vita vya Pili askari wa Uingereza waliotumia rada waliona alama ngeni katika vyombo vyao mahali pasipo na eropleni hata moja. Wakaziita "malaika". Baada ya kuchunguza, wataalamu waligundua kwamba wengi wa malaika wale walikuwa ni ndege, nao wakaitangaza habari hiyo mwaka wa 1945.

Siku hizi wako mafundi wanaotengeneza rada kwa ajili ya malaika hao tu. Chombo huwaona ndege wakiwa bado mbali, usiku na mchana, na kompyuta huandika njia yao, wingi wao na kimo chao. Mfano mzuri uko katika Afrika hii hii. Kiwanja cha King Shaka, karibu na Durban, Afrika ya Kusini, kilipofunguliwa mwezi wa Mei 1, 2010, palikuwa na matete jirani yake ambamo mbayuwayu yapata milioni 3 kutoka Ulaya walikuwa wakilala wakati wa kiangazi cha huko. Watu walihofu kwamba ama matete yatafyekwa, ama eropleni zitaanguka. Ikawekwa rada ya ndege, na waongozaji waliomo mnarani wakaweza kujua saa ambayo mbayuwayu wanakusanyika jioni, ili kuzichelewesha eropleni au kuzipitisha upande mwingine. Mbayuwayu wakabaki, na wasafiri wakabaki salama.

Dawa ya tatu haina mtambo mkubwa, lakini wenye ujuzi huiona kuwa ndiyo ya kwanza kwa thamani. Ni kukifanya kiwanja kisipendeze kwa ndege. Mifereji hufunikwa nyavu, madimbwi hukaushwa, miti ya kulalia hukatwa, na nyasi huachwa kwa kimo kilichopimwa. Katika Uingereza nyasi za viwanjani huachwa zifike sentimeta 15 hata 20, kwa sababu ndege wengi wanaokula wadudu hawapendi mahali ambapo hawawezi kumwona adui. Kila nchi ina kipimo chake, maana nyasi ndefu huweza kualika panya, na panya humwalika mwewe. Katika Afrika ya Mashariki mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu, na mwewe na korongo huja kama walioitwa karamuni. Mlinzi wa kiwanja asiyejua tabia ya kumbikumbi hawezi kuokolewa na mtambo wowote.

JAA LA DANDORA

Hapa ndipo habari inaporudi mitaa ya mashariki ya Nairobi. Mitambo yote iliyotajwa yaweza kumwona ndege na kumfukuza, lakini haiwezi kumfanya asione njaa. Mwewe aliyefukuzwa Embakasi hurudi kesho, kwa kuwa meza yake imeandaliwa karibu.

Meza kubwa kuliko zote iko Dandora. Jaa hilo lilianza kutumiwa katika miaka ya 1970, katika shimo lililochimbwa mawe. Mwaka wa 2001 lilitangazwa kuwa limejaa, lakini malori hayakuacha kwenda. Uchunguzi uliotangazwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka wa 2007 ulisema kwamba jaa lilipokea yapata tani 2,000 za taka kila siku, na ya kwamba wengi wa watoto wa shule walio jirani waliopimwa walikuwa na madini ya risasi katika damu yao kupita kiasi kinachofaa. Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni vitu vinavyooza: maganda, ugali, mboga, nyama na samaki. Kwa binadamu hizo ni taka. Kwa marabu ni chakula cha asubuhi, mchana na jioni, ndiyo sababu ndege huyu, ambaye zamani aliishi kwa mizoga ya mbugani, sasa amejenga viota katika migunga ya mjini kando ya barabara ya Mombasa.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limeshauri kwamba jaa la taka lisiwekwe ndani ya kilometa 13 za kiwanja cha eropleni. Kutoka Dandora hata Eastleigh ni yapata kilometa 5 kwa mwendo wa ndege, na hata Jomo Kenyatta hazifiki 10. Ilipopendekezwa kwamba jaa lihamishiwe Ruai, mamlaka ya viwanja vya ndege ilipinga. Ruai iko kaskazini-mashariki ya Embakasi, upande ule ule ambao njia ya kurukia imeelekezwa. Kuweka meza ya marabu mahali hapo kungekuwa kuwaita ndege wakutane na eropleni uso kwa uso.

Pingamizi hilo lilikuwa la haki, wala hapana mtu mwenye akili atakayelilaumu. Lakini yafaa lisemwe pia jambo la pili, ambalo ni la haki vile vile. Msafiri aliye angani aliokolewa na hatari mpya, naye mama wa Dandora akabaki na moshi wa zamani. Jaa lisilofaa kuhamia Ruai kwa sababu ya ndege limekaa Dandora, nako pia ndege wako. Hivyo maskini wa mitaa ya mashariki analipa mara mbili: huvuta moshi, na eropleni zenye hatari hupita juu ya paa lake. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini hapa janga limechumwa na mji mzima, na waliolila zaidi ni wachache.

WAJIBU WA KILA MTU

Njia ya kutoka katika shida hii ipo, nayo haingojei rada. Jaa lisilo na chakula halina marabu. Kama vitu vinavyooza vingetengwa kabla ya kufika Dandora, ndege wangepungua, moshi ungepungua, na hata mahali pa jaa jipya pangekuwa rahisi kupatikana, maana taka kavu hazimwiti mwewe. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2022 juu ya usimamizi wa taka imeagiza hivyo hasa: zinazooza ziwekwe mbali na zisizooza, tangu nyumbani. Sheria iko katika karatasi. Kinachotakiwa ni chombo cha pili katika kila nyumba, na lori lisilochanganya tena kile ambacho mwenye nyumba amekitenga.

Mkulima ana faida yake katika jambo hili. Maganda na mboga zilizooza ni mbolea kwa shamba. Matumbo ya samaki na mabaki ya chakula huweza kupewa funza wa nzi mweusi wanaofugwa makusudi, na funza hao wakikaushwa huwa chakula cha kuku na cha samaki wa bwawani. Katika Kenya wako watu wanaofanya kazi hiyo tayari. Kile anachokila marabu bure Dandora, kuku wa mkulima angeweza kukila kikaleta mayai.

Mwuza samaki wa Gikomba na mwuza nyama wa soko la Burma wanaweza kuanza leo, kwa pipa lenye kifuniko. Ni chombo kidogo, wala hakina umeme, lakini mwewe hawezi kukifunua. Mkulima anayelima karibu na kiwanja chochote na akumbuke kwamba mizoga na nafaka zilizoachwa wazi huita ndege. Wakubwa wa mji nao yawapasa kuhakikisha kwamba pipa likijaa linachukuliwa, na kwamba taka zilizofika jaani zinafunikwa kwa udongo kila siku. Mwananchi aliyefunika pipa lake asione taka zake zikimwagwa wazi kando ya mto.

Marubani na mafundi pia wana zamu yao. Kila pigo, hata dogo, liandikwe, na unyoya au damu iliyopatikana ipelekwe kwa wenye elimu ya ndege, ambao Makumbusho ya Nairobi inao. Bila kujua ni ndege gani aliyegongwa, saa ngapi na mahali gani, mtambo wa fedha nyingi huwekwa pasipostahili.

Ndege wenyewe hawana kosa. Mwewe na marabu husafisha mizoga na kuondoa uchafu ambao ungeleta maradhi, na wamefanya kazi hiyo tangu kabla Nairobi haijawa mji. Wanafuata chakula, kama kila kiumbe kinavyofanya. Aliyekihamisha chakula hicho kutoka mbugani na kukiweka kati ya viwanja vitatu vya eropleni ni binadamu, naye ndiye awezaye kukiondoa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika jambo hili ufa uko chini, jaani na jikoni, si juu angani.